Neno la Kutoka Maboya

Lusenge Zorobabel hakuwa mtu wa moto. Alizaliwa Musienene, kwenye viazi na maharagwe, na kwa miaka kumi na minane aliendesha lori la magunia kutoka huko mpaka Butembo. Wafanyabiashara wa Butembo walipojikusanya wakanunua gari kuukuu la zimamoto, lililokwisha kuchoka huko lilikotoka, walitafuta dereva asiyekunywa na asiyesema ovyo. Watu wakamtaja yeye. Kuhusu kunywa walikosea kidogo, maana kila Jumapili baada ya misa alipata kikombe cha kasikisi, pombe ya ndizi, kwa shemeji yake. Kuhusu kusema hawakukosea. Mke wake Rébecca alizoea kuwaambia majirani kwamba nyumbani kwake redio ina maneno kuliko mume.

Kikosi chao kiliitwa Ngao ya Soko. Kilikuwa na watu sita na kofia tano za zimamoto. Ya sita ilikuwa ya pikipiki. Gari lilibeba maji ya kumwaga kwa dakika kumi ukifungua sana, ishirini ukibania. Baada ya hapo ulishuka mtoni kujaza tena, ukapanda, ukaomba Mungu ukute moto ungali mahali ulipouacha.

Kabla gari halijafika, soko lilikuwa na njia yake ya zamani, na lilikuwa bado nayo. Moto ukiingia kwenye mstari wa vibanda vya mbao, mtu hapigani nao. Watu wanakimbia mbele yake, wanahesabu vibanda vinne au vitano, wanatupa kamba zenye kulabu juu ya miti ya paa, na wote wanavuta, wanaume kwa wanawake. Kibanda kinaanguka na vyote vilivyomo, mbao zinaburutwa pembeni, na moto ukifika unakuta udongo mtupu. Mwenye kibanda habishani. Anavuta kamba pamoja na wenzake, akilia kama anataka kulia, lakini anavuta. Na deni lake linajulikana na kila mtu: aliyevunjiwa kibanda ili wengine wapone, hao waliopona wanamjengea yeye kwanza, kabla ya kufungua biashara zao. Aliyeunguliwa ni jambo jingine. Huyo anapewa pole, anapewa unga, lakini hakuna anayelazimika kumjengea. Moto wake ni wake.

Huko Beni nako kulikuwa na kikosi, Kikosi cha Mvua, cha wafanyabiashara wa kule, na gari moja. Dereva wake aliitwa Syauswa Jephté, mtu wa vicheko, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Vikosi viwili viliona ni ujinga kukaa kilomita hamsini na kitu mbali, kila kimoja na tangi lake dogo, vikitazamana. Wakakutana Maboya, katikati ya njia, katika darasa la shule, wakaandika mkataba wa kusaidiana: mji mmoja ukiungua, gari la mji mwingine linatoka mara moja.

Siku hiyo Lusenge alisimama akasema, jambo ambalo wenzake walilikumbuka kwa muda mrefu. Alisema kwamba kwetu hapa mtu akipigiwa simu anajibu yuko njiani, kumbe ndiyo kwanza anatafuta viatu. Yeye mwenyewe alikuwa akimfanyia hivyo mke wake. Kwa harusi, alisema, haina ubaya. Kwa mazishi, inavumilika. Lakini mtu mwenye moto mbele yake anapanga maji yake kwa kufuata neno hilo. Kwa hiyo aliomba dereva asiseme yuko njiani. Aseme jina la mahali alipo: Kabasha, mlima unapoisha, Maboya, Kangote. Na asilitaje jina kabla magurudumu hayajafika hapo.

Darasa zima lilicheka, maana kila mtu alijiona. Syauswa alicheka kuliko wote, akampiga bega.

"Lusenge, ulitujua sana. Tutafanya vile."

Ikaandikwa katika mkataba, kifungu cha nne.

Mwaka uleule ghala moja la kakao liliwaka moto upande wa Beni, kwenye njia ya kwenda Oicha. Lusenge alishuka na gari lake. Akapiga simu Kangote, akapiga Maboya, akapiga Kabasha, kila mara akisimamisha gari kabisa ndipo aseme. Kwenye kizuizi askari walimwuliza kwa Lingala anakimbilia nini, akawaonyesha moshi mbele, wakainua mti. Alipofika, magari mawili yalipokezana: moja likimwaga, jingine likijaza. Nusu ya kakao ilipona. Siku tatu baadaye mke wa Syauswa, Eliane, alijifungua mtoto wa kiume, na Syauswa akampa mtoto jina la Lusenge. Tangu hapo hawakuitana tena kwa majina. Syauswa alimwita ndoyi ya mwanangu, yaani wajina wa mwanangu, na Lusenge, mwenye maneno machache, alimwita baba ya ndoyi. Kila alipokwenda Beni alibeba kitu cha mtoto, hata kama ni sabuni tu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka ule Julai wa vumbi.

Ilikuwa mchana wa saa nane, siku ya soko. Katika soko la vitenge fundi mmoja wa kushona aliacha pasi ya makaa juu ya meza akaenda kuita mteja. Lusenge alifika moto ukiwa katika vibanda vitatu. Kabla hata ya kukunjua mpira wa maji alimpigia Syauswa, na Syauswa akajibu bila kusita kwamba wanatoka. Tangi la kwanza liliuangusha moto, lakini halikuuua. Akamwacha Mumbere, kijana wake wa mpira, na ndoo na mchanga, akashuka mtoni, akajaza, akapanda. Dakika arobaini zilikuwa zimekwisha pita, upepo ulikuwa umegeuka, na moto ulikuwa umeshika mstari mrefu, ule wa akina mama wa vitenge, vibanda ishirini na vinane vilivyobanana bega kwa bega.

Alikuta kamba tayari zimetupwa. Zilikuwa juu ya kibanda cha tano kutoka motoni, na hicho kibanda kilikuwa cha Maman Kahongya, kiongozi wa mstari, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa vitenge. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika kamba ya mbele, amejifunga kiunoni, kilemba kimeanguka. Alipomwona Lusenge hakuachia kamba. Aliuliza tu:

"Baba Lusenge, tuvunje ao tuache?"

Lusenge alitoa simu. Glavu zake zilikuwa zimelowa, akabonyeza kwa kidole gumba na kufungua sauti, akaishika kati yake na yule mama ili wote wawili wasikie.

"Baba ya ndoyi, uko wapi?"

"Maboya," sauti ya Syauswa ikasema, kubwa kama siku zote. "Tunapita ku masomo, pale tuliandikia mkataba. Shikilia."

Kutoka Maboya kwa gari lililojaa ni dakika ishirini na tano, na Lusenge aliijua njia hiyo kama anavyojua mlango wake. Akibania maji, angeuzuia moto dakika ishirini. Hizo tano za mwisho angezitafuta kwa mablanketi na mchanga. Alitazama vibanda, mbao zilizonunuliwa moja moja, vitenge vilivyopangwa mpaka juu, na akaona kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu soko liwe soko, hakuna haja ya mtu kuangusha chake.

"Muache," akasema. "Musivunje. Beni iko Maboya."

Mtu mwingine angesema hivyo, wasingemsikia. Lakini alikuwa Lusenge, ambaye hasemi ovyo. Maman Kahongya alifungua mikono, kamba ikaanguka chini. Akina mama wengine wakaachia. Wengine walipiga hata vigelegele.

Alibania maji kama alivyopanga. Dakika ya kumi na tano alitazama barabara ya kuingilia, akapiga simu. Haikupokelewa. Dakika ya kumi na nane akapiga tena, na mashine ikamjibu kwa Kifaransa kwamba mwenye namba hapatikani. Dakika ya ishirini na moja mpira ulikohoa, ukatoa hewa, ukalala. Mumbere aliuachia. Walikimbilia kamba, lakini sasa joto lilikuwa limefika mahali ambapo mkono haushiki mti, na moto ulipita kichwani mwao kutoka kibanda hadi kibanda mpaka ukafika barabarani na kukosa cha kula.

Hakufa mtu. Viliungua vibanda ishirini na vitatu. Gari la Beni halikufika siku ile, wala kesho yake.

Wanawake hawakumtukana. Ingekuwa afadhali. Salamu zao zilifupishwa tu. Aliyekuwa akimwuliza habari za Rébecca na habari za kifua chake kilichochoshwa na moshi sasa alisema "Jambo" na kupita. Wanaume ndio waliocheza na neno lake. Fundi wa matofali akichelewa kazini, mwenzake anamwuliza kwa simu kama yuko Maboya. Mwalimu akiahidi kuleta daftari, watoto wanacheka, "Beni iko Maboya." Lusenge alilisikia mwenyewe kwa wauza mafuta ya taa, na aliyelisema hakujua kwamba anayepita ndiye.

Naye hakujitetea, kwa sababu alikuwa bado anatafuta namna ya kumtetea Syauswa. Labda gari lilianguka mtaroni. Labda njia ilifungwa, kulikuwa na risasi, walirudishwa. Mambo hayo huko si hadithi. Alimpigia kila siku, na simu haikupokelewa. Siku ya sita simu yake ndiyo iliyolia. Alikuwa Eliane, mama ya ndoyi, aliyesikia habari kwa kuchelewa na kutaka kumpa pole. Mwanamke huyo hakuwa na hila yoyote. Alieleza tu jinsi mume wake alivyokasirika kuukosa moto ule, maana siku hiyo alikuwa Mavivi tangu asubuhi. Tajiri mmoja alikuwa anafungua jumba lake la sherehe, uwanja ulikuwa vumbi tupu, akakodi gari la Kikosi cha Mvua liumwagilie ili wageni wasichafuke. Alirudi nyumbani jioni na sahani ya nyama iliyofunikwa.

Mavivi iko upande wa kaskazini wa Beni. Yaani gari halikuwa limekaribia Butembo hata kidogo. Lilikuwa limeipa mgongo.

Lusenge alimshukuru Eliane kwa pole, akauliza kama mtoto anakula vizuri, akakata simu. Kisha akakaa juu ya jiwe la kufulia nyuma ya nyumba, na Rébecca alipomwita kula hakusikia. Lililomuuma halikuwa maji ya kunyunyizia vumbi. Mtu anaweza kutumwa na wakubwa wake. Lililomuuma ni lile jina. Syauswa angeweza kusema, ndugu, siwezi, vunjeni. Maneno matatu, na kamba zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Badala yake alichukua kifungu cha nne, kile walichokicheka pamoja, akachagua humo jina la mahali ili aaminike.

Wiki hiyo hiyo Président Maliro, mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wa Butembo, alikuja nyumbani. Alikuwa mzee wa heshima, mwenye kofia ya kitambaa, na aliketi kwenye kiti cha plastiki kana kwamba ni cha ofisi. Alieleza polepole. Wafadhili fulani walikuwa tayari kuleta gari la tatu, jipya, la vikosi vyote viwili, kwa sharti moja: vionyeshe kwamba vinashirikiana. Ripoti ya moto lazima iende mwisho wa mwezi. Na huo umoja, kwa moyo wake, ulikuwa umekwisha tenga mbao za kuwajengea akina mama wote walioungua, lakini mbao zitatoka faili hili likifungwa kwa amani. Kwa hiyo ripoti itasema kwamba mawasiliano yalikatika: Beni haikupata simu, na Butembo haikujua.

Lusenge alisema kwamba simu ilifika, na neno lilirudi.

"Najua, kijana yangu," akasema Maliro. "Lakini tukisema ni Syauswa, iko na kikosi, iko na famille, Beni yote itakasirika. Réseau ya simu haina famille. Tukitupia ile, hakuna mutu atalia."

Lusenge akauliza nani basi aliyewaambia watu waache kamba. Maliro akavuta kofia yake, akajibu kwamba hayo watu watayasahau. Rébecca, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, akasema bila kuinua kichwa kwamba huko sokoni hawajaanza kusahau, na labda Président angewakumbushia tarehe ya kuanza. Mzee alijifanya hakusikia.

Walikutana tena Maboya, darasa lilelile. Akina mama walituma wajumbe watatu, Maman Kahongya mbele. Lusenge alipomwona alipata nguvu. Hakumwendea kumpanga maneno, kwa sababu mtu hapangi maneno na mwenye kujua ukweli. Yule mama alikuwa amesikia kwa masikio yake. Lusenge hakutaka gari jipya wala Syauswa afukuzwe. Alitaka kitu kimoja: isemwe mbele ya watu kwamba alipowaambia waache, hakuwa amelitoa neno lile kichwani mwake.

Syauswa aliingia wa mwisho. Alisalimia wote kwa mkono, na alipofika kwa Lusenge mkono ulikuwepo, macho hayakuwepo. Maliro alisoma ripoti. Kisha akamwuliza Syauswa kama ndivyo ilivyokuwa, naye akasema ndivyo, mtandao ulikatika, hakupata simu yoyote ya kueleweka. Sauti yake siku hiyo haikufika hata dirishani.

Lusenge alisimama.

"Baba ya ndoyi, siku ile ulikuwa wapi?"

"Réseau ilikatika," Syauswa akasema, akitazama meza.

"Sikuuliza réseau. Nauliza weye."

Mtu mmoja wa Beni akanong'ona kwamba hapa si polisi. Lusenge akageukia benchi la akina mama.

"Maman Kahongya alikuwa karibu na mukono yangu. Nilifungua sauti. Alisikia."

Wote wakamgeukia. Maman Kahongya alirekebisha kitenge chake begani. Alirekebisha tena, ingawa hakikuwa kimeteleza. Alimtazama Maliro, si kwa muda mrefu.

"Moto ilikuwa na makelele mingi," akasema. "Mimi sikusikia kintu."

Lusenge akaketi kama mtu aliyeteremka ngazi akakuta moja haipo. Karatasi ilizunguka ikapata sahihi zote, ikafika kwake pamoja na kalamu. Alikuwa amesoma shule ya msingi tu, na kuandika mbele ya watu kulimtoa jasho, lakini aliinama, na mahali pa sahihi ya dereva wa Butembo akaandika kwa herufi kubwa: RÉSEAU ILIKUWAKO. Chini yake akaweka jina lake lote, Lusenge Zorobabel.

Maliro aliisoma, akaikunja. Hakugomba. Siku mbili baadaye ripoti ilipigwa chapa upya, na mahali pa dereva palikuwa na sahihi ya Mumbere. Mumbere alipewa ufunguo wa gari. Lusenge hakufukuzwa, aliambiwa apumzishe kifua chake, aoshe mipira na kuianika. Aliiosha vizuri. Mbao zilitoka wiki iliyofuata, na vibanda ishirini na vitatu vikasimama, vikinuka utomvu mpya. Syauswa hakupiga simu tena. Sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto ilipofika, Lusenge alinunua viatu vidogo, akavitazama siku nzima, akavirudisha dukani.

Mwezi ulipokwisha, Maman Kahongya alikuja nyumbani. Alikuja saa nne asubuhi, kwa mlango wa nyuma, na akakataa kiti. Rébecca alimwangalia, akaingia ndani kuchukua kitu ambacho hakukihitaji. Lusenge alikuwa akishona kiraka kwenye mpira wa maji uliotanda uani.

Yule mama alisimama muda, akieleza kibanda chake kipya, kwamba paa ni zuri, kwamba mteja wa kwanza alitoka Oicha. Halafu maneno hayo yakaisha.

"Nilisikia," akasema. "Alisema Maboya. Na masomo alitaja. Yote nilisikia."

Lusenge alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Na ulimwambia nani?"

"Ni weye nakuambia."

"Mimi nilikuwa najua, mama."

Akaugeuza mpira, akatafuta tundu lingine. Alipoinua kichwa, mwanamke alikuwa bado amesimama, kana kwamba anangoja apewe kitu cha kwenda nacho. Lusenge hakuwa nacho. Akamwambia asikanyage hapo kwenye maji, patamtelezesha, na akaendelea kushona.